Kuku wa Mgongoni

Nakivale, Jumapili 2 Machi 2025

Kwa Olga, mtoto wa dada yangu,

Kama unaisoma barua hii ukiwa umesimama, kaa kwanza. Hakuna aliyekufa. Huku kambini tupo sote, magoti yangu yapo, na yule mbuzi mwenye pembe moja naye yupo, ingawa nilimwombea asifike Krismasi. Maharage yamechipuka vizuri. Pasta wetu amepoteza sauti kwa mafua, na ibada ya leo ilikuwa tamu kuliko zote za mwaka huu.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Simu yangu siku hizi inasikika kwa spika tu. Ukinipigia, nyumba nne zinakusikiliza na ya tano inakujibu. Kwa hiyo ni barua, kwa mkono wa Kayumba, ambaye pikapu yake inapeleka ndizi Mbarara kila Alhamisi.

Sasa jambo lenyewe ni defile, yale maandamano ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi. Mwaka juzi wewe ndiye ulishika bango mbele ya kikundi chetu. Ulipofika penye tangi la maji ukakata kushoto badala ya kulia, ukatupeleka wanawake ishirini na wawili, tukiimba kwa sauti zote, mpaka kwenye vyoo vya soko, huku mgeni rasmi akitungoja jukwaani. Unajua walivyotuadhibu. Mwaka jana tulipita mwisho, nyuma ya wapiga ngoma wa Burundi, nyuma ya watoto wa shule, nyuma hata ya wale ng'ombe wa maonyesho wa watu wa Endiinzi. Na ng'ombe akitembea anaacha vitu njiani.

Mwaka huu kamati imekubali kuturudisha mbele, kwa majaribio. Tukiharibu tena, tutakuwa nyuma ya ng'ombe mpaka Yesu arudi. Perpétue, katibu wetu, alitaka magauni ya kikundi ashone Léonidas, yule fundi Mrundi wa sokoni. Nikasimama nikasema: "Mutoto wangu Olga ni fundi mukubwa kule Mbarara, anashonea baaskari ba Makenke. Atashona yeye." Wakacheka, ule mcheko unaoujua. Basi nikaapa mbele yao: magauni yakiwa mabaya, naacha uenyekiti.

Kitenge tumeshachagua. Ni cha kijani, kina kuku wa manjano amesimama na vifaranga vyake. Shona vizuri, watu wasahau vyoo, nawe urudi nyumbani bila kuinamisha uso.

Tantine wako,
Annonciata


Mbarara, 16 Machi 2025

Tantine,

Nimekaa, kama ulivyoagiza. Mimi ni mzima. Chumba changu karibu na kambi ya Makenke sasa kina dirisha. Zamani kilikuwa na tundu tu. Kila asubuhi askari wanapita mbio wakiimba nyimbo ambazo pasta wako akizisikia, ile sauti haitarudi kamwe. Mzee Ladislas, mwenye karakana yetu, nimemsalimia kwa jina lako. Muda wote amejaza pini mdomoni, kwa hiyo sijui kama alikusalimu au alikutukana.

Kuhusu magauni, sawa, leteni kitenge. Hapa tunashona sare tu, kaki na kijani cha jeshi, lakini kitambaa ni kitambaa.

Kuhusu vyoo, naandika mara hii halafu ninyamaze. Sikukata kushoto kwa akili yangu. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ilipiga kelele: "Kushoto! Kushoto!" Nilisema hivyo siku ile ile, mbele ya watu wote. Na wewe ukajibu, mbele ya watu wote, kwamba mimi sina kichwa, nina shingo ya kubebea nywele tu. Nimekaa Mbarara karibu miaka miwili na hiyo shingo. Nani alisema kushoto?

Niletee vipimo vya kila mtu.

Olga


Nakivale, 27 Aprili 2025

Olga mpenzi,

Pasaka ilipita salama. Tulikula, tukaimba, na pasta amepata nusu ya sauti. Magoti yananisumbua kwenye kilima cha kisima, lakini yananisumbua kwa zamu, leo la kulia, kesho la kushoto, kwa hiyo siwezi kulalamika.

Kitenge anacho Kayumba. Vipimo viko kwenye karatasi ya ndani. Ukiona pembe moja ya karatasi haipo, ni mbuzi. Namba za watu watano nimeziandika tena kwa kukumbuka. Perpétue amekataa kuzungushiwa tepu kiunoni, amesema niandike "kawaida". Wewe usimshonee kawaida. Muongezee, halafu muongezee tena. Kwa kweli yashone yote mapana, tuweze kucheza.

Umeshaanza kukata? Watu wananiuliza kila Jumapili, na Léonidas ananisalimia kwa heshima iliyozidi.

Lile swali lako lingine nimeliona. Wino wa kalamu hii unakaribia kuisha.

Tantine wako


Mbarara, 25 Mei 2025

Tantine,

Nashukuru kwa habari za magoti. Huku mvua imekatika, vumbi limeanza, na parachichi zimejaa mpaka watu wanalisha nguruwe. Mama mwenye nyumba amenunua jogoo ambaye hajui saa. Juzi ng'ombe wawili waliingia dukani kwa mtu katikati ya mji, wakatazama bidhaa, wakatoka bila kununua.

Umeuliza kama nimeanza kukata. Kitenge ni kizuri sana, Tantine. Nimekiloweka, rangi haitoki hata kidogo. Na wale vifaranga mmechagua vizuri.

Wino ukiisha, tumia penseli. Nani alisema kushoto?

Olga


Mbarara, Jumatano 18 Juni 2025

Tantine,

Leo sina salamu ndefu. Kesho Kayumba anapita kuchukua mfuko wa magauni, na nitamwambia akupe barua hii kwanza, mkononi, ndipo akupe mfuko.

Mimi si fundi. Kwa Mzee Ladislas ninaweka vifungo. Vifungo tu, Tantine. Sare inanifikia imeshashonwa, naweka vifungo saba, inaondoka. Nilipofika hapa nilikuandikia kwamba nashonea askari, na vifungo vyao vyote vimepita mikononi mwangu kweli. Wewe ukalikuza neno lile mpaka nikawa fundi mkubwa. Nikaliacha likue, kwa sababu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia unanisifu kwa watu.

Magauni nimekata mwenyewe, kwa kuiga nilichoona. Mzee akikata makoti ya mvua ya walinzi, anakunja kaki, kunjo linakaa begani, anatoboa pa kupitisha kichwa, anakata mbele na nyuma kwa pigo moja. Nikafanya hivyo hivyo. Lakini kaki haina kichwa wala miguu, na kuku anavyo. Leo asubuhi nimeyatundika yote kwenye kamba, nikayatazama kwa mbele, nikafurahi. Kuku wamesimama, vifaranga miguuni pao. Kisha nikazunguka nyuma. Mgongoni kuku wote wako vichwa chini, miguu juu, kama wale wanaofungwa kwenye baiskeli kupelekwa sokoni. Magauni yote ishirini na mawili. Mzee Ladislas ametoa pini zote mdomoni ili acheke vizuri.

Kitambaa kimekwisha na siku zimekwisha. Nakuomba, msiyavae hivi hivi. Kila mmoja ajifunge kitenge kingine mgongoni, kama mwenye mtoto, watu watafikiri ni mtindo. Na usiache uenyekiti. Waambie nilikudanganya, maana ndivyo ilivyo.

Olga wa vifungo


Nakivale, Jumapili 22 Juni 2025

Olga, fundi wa mafundi!

Salamu baadaye! Magoti sijui yako wapi, nimecheza siku mbili.

Sikiliza. Kayumba alifika Ijumaa asubuhi, Warundi wameshaanza kujaribu ngoma zao. Alikuwa amelala Isingiro, pikapu ilimgomea. Alitukabidhi mfuko, akasema ana haraka, akaondoka. Hakuna barua, hakuna hata "Tantine hujambo". Nilikukasirikia kidogo. Tukavaa ndani ya darasa, bila kioo, kila mtu anasukuma kichwa cha mwenzake kwenye tundu. Kwa mbele tulikuwa tunapendeza kama mabibi harusi. Léonidas alikuwa amesimama mlangoni akiangalia mishono, akaenda zake.

Bango nilishika mimi mwenyewe. Tukatoka uwanjani tukiimba. Penye tangi la maji nilisimama kidogo, kikundi kizima kikasimama. Sababu ni yangu. Kisha tukakata kulia, tukafika jukwaani, mgeni rasmi akapiga makofi, tukapita mbele yake vizuri kabisa. Nikasema moyoni, kwaherini ng'ombe.

Tulipokwisha kupita, nasikia kicheko nyuma. Nikadhani ng'ombe wamefanya mambo yao. Kicheko kikaongezeka, kikaenea mpaka kwa watoto waliopanda juu ya paa. Mimi niko mbele, nitaona nini? Perpétue alikuwa mstari wa pili, mgongo wangu uko mbele ya macho yake tangu uwanjani, na alikuwa amenyamaza. Baadaye yeye na wenzake waliniambia walifikiri ndiyo mitindo ya Mbarara.

Mgeni rasmi akachukua kipaza sauti. "Nyinyi mama ya kuku, simama hapo! Rudi hapa." Tukarudi. Akaniambia nigeuke, nikageuka. Akasema: "Mama, hii kuku yako, mbele iko nasimama, nyuma iko nakufa. Hii iko maana gani?"

Perpétue akaninong'oneza, kama kwa dada yake mkubwa: "Yaya, kuku ya mu mugongo iko miguu yulu."

Nikageuza shingo nijione, lakini nani amewahi kuuona mgongo wake? Nikamgeuza yeye. Kumbe! Niliwaona ng'ombe wa Endiinzi, nikaiona miaka yangu yote iliyobaki ikipita nyuma ya mikia yao. Mgeni rasmi ameniwekea kipaza sauti mdomoni. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe: "Muheshimiwa, tukikuya ku ofisi, tunakuya tunasimama. Tukitoka, angaliya mwenyewe."

Kisha bibi mmoja wa foleni ya mgao wa chakula akapiga ukelele, na watu wote wakalipuka kwa kicheko. Warundi wakashika ngoma bila kuambiwa. Mgeni rasmi aliangalia viatu vyake, akaangalia watu, mwisho naye akacheka, kwa sababu alikuwa amebaki peke yake. Katika hotuba yake akasema habari ya foleni za ofisini itaangaliwa. Sijui itaangaliwa na jicho gani, lakini alisema.

Sasa kile kitenge kimepata jina. Wanawake sokoni wanakiita "Natoka Ofisi", na hawakitaki ila kuku wa mgongoni wawe vichwa chini. Mpaka mama wa Kirundi wanakiulizia. Léonidas amekuja kuniazima gauni akaangalie lilivyokatwa. Amekaa nalo tangu jana, bado analigeuza. Perpétue anasema yeye alikuamini tangu mwanzo.

Mtoto wangu, kwa nini hukuniambia mpango wako? Akili hii uliificha wapi siku zote? Nimewaambia watu wote kwamba Olga alipanga tangu siku ya kwanza. Mwakani tuko mbele, bila majaribio. Njoo nyumbani, watu wanataka kukuona. Hakuna tena anayetaja vyoo.

Tantine wako mwenye furaha,
Annonciata


Mbarara, Alhamisi 26 Juni 2025

Tantine,

Natumaini magoti yamerudi.

Leo Kayumba amenipa barua mbili. Moja ni yako. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jogoo akakimbia, mara ya pili nikajivuna, mara ya tatu nikaikunja kama barua ya mtu mwingine. Barua ya pili ni yangu mwenyewe, ile niliyokuandikia tarehe 18. Ameikuta chini ya kiti cha pikapu, ina doa la parachichi, haijafunguliwa. Akaniuliza: "Dada, hii nipeleke ao nitupe?"

Mama mwenye nyumba alikuwa anapika hapo hapo uani, jiko linawaka. Nililiangalia lile jiko, Tantine, mpaka akaniuliza kama nina njaa. Ningeiweka pale, ningekuja Nakivale nikapokewe kwa vigelegele. Ningekaa kwenye kiti cha mbele kanisani, na Léonidas angeniamkia.

Lakini nimeshakaa miaka miwili nikilaumiwa kwa kitu ambacho si changu. Sitaki kuanza mingine nikisifiwa kwa kitu ambacho si changu. Hii hapa, na doa lake. Isome, ndipo uamue kama bado unaniita. Ukiacha kuniita nitaelewa, ila nitalia sana, nakuambia mapema.

Mengine sina.

Olga


Nakivale, Jumapili 13 Julai 2025

Olga mwanangu,

Mimi mzima, mbuzi mzima, pasta amepata sauti yake yote, tuombeeni.

Barua yenye doa nimeisoma. Pale Ladislas anapotoa pini nilicheka peke yangu. Kisha nikakaa mlangoni mpaka chai ikapoa. Ulikuwa na jiko linawaka mbele yako na hukuitupa. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naanza na habari za maharage.

Mimi ndiye niliyesema kushoto.

Nilikuwa nyuma yako, jua liko machoni, nikachanganya. Nikapiga kelele, na wewe ukanitii kama unavyonitii siku zote. Nilipoviona vile vyoo nilijua papo hapo. Watu wakanigeukia wote, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kama ulivyofunguka mwaka huu, ila siku ile ulikutaja wewe. Nilijiambia wewe ni kijana, utasahau, mimi ni mwenyekiti. Hukusahau, ukaondoka, na mimi nikaendelea kuwa mwenyekiti. Nimeona aibu, Olga. Nimekuwa nayo muda wote huo. Tarehe 20 penye tangi la maji nilisimama kwa sababu nilikuwa nakutafuta mbele yangu.

Nilikutukana mbele ya watu. Kwa hiyo barua hii, mpaka hapa, nimeisoma mbele ya watu, leo baada ya ibada, wanawake wote wa kikundi wakiwepo, kabla ya kuitia kwenye bahasha. Na ya vifungo nimewasomea pia, maana uliandika waambiwe. Wamecheka sana, lakini si ule mcheko. Uenyekiti niliwarudishia. Wamekataa kuupokea. Wanasema wageni rasmi wataendelea kuja kila mwaka na lazima awepo mtu wa kuwajibu.

Nisamehe, mtoto wa dada yangu. Kichwa unacho. Asiyekuwa nacho siku ile alikuwa nyuma yako.

Annonciata

Perpétue ameomba kalamu:

Olga, ni kweli, alisema kushoto. Nilikuwa pembeni yake, nilimusikia kwa masikio yangu yote mawili. Nilinyamaza kwa sababu ninamuogopa. Nami pia unisamehe. Gauni langu linabana, naona ulinishonea kawaida. Perpétue.


Mbarara, Alhamisi 17 Julai 2025

Tantine,

Mimi mzima. Nimelia, halafu nimekula vizuri.

Nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo na pikapu ya Kayumba. Ninakuja na mkasi. Mzee Ladislas ameanza kunifundisha kukata, na somo la kwanza lilikuwa kutazama kichwa cha kuku kiko wapi. Gauni la Perpétue nitalipanua.

Msinipokee nyumbani. Nitashuka penye tangi la maji na kusimama hapo hapo. Uje wewe mwenyewe, na magoti yako, uniambie nielekee upande gani, kwa sauti, watu wote wasikie.

Olga